Wiki 20 zinahesabiwa kuanzia lini? Sheria za majimbo ya Marekani kuhusu kutoa mimba kubwa

SWALI: Mimi ni mkalimani wa Kiswahili kwa njia ya simu, naishi Ohio. Kwa siku moja naweza kumtafsiria mama Mkongo aliyeko North Carolina, kisha Mtanzania wa Wisconsin, kisha Mrundi wa Texas. Mimba ya miezi minne au mitano ikiwa na matatizo, daktari huanza kutaja wiki: 12, 20, 22, 24. Juzi mama mmoja wa Wisconsin aliambiwa ana wiki 21, sheria ya jimbo inasema 20, halafu daktari akasema bado hajapitiliza. Mama akadhani nimetafsiri vibaya. Nani alikosea? Kwa nini kila jimbo lina namba yake? Na nitumie maneno gani ya Kiswahili yasiyopotosha?

JIBU: Hakuna aliyekosea, dada. Daktari na sheria ya Wisconsin wanahesabu kuanzia siku mbili tofauti.

Kliniki zote huhesabu ujauzito tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo siku ambayo mwanamke anaweza kuikumbuka. Kwa hesabu hiyo, katika wiki mbili za mwanzo mimba bado haijatunga. Sheria ya Wisconsin ya mwaka 2015 inahesabu tangu mimba ilipotunga. Kwa hiyo wiki 20 za sheria ni wiki 22 za kliniki, na yule mama wa wiki 21 kisheria alikuwa na wiki 19. Siku ya mwisho kwake ni wiki 21 na siku 6 kwa hesabu ya daktari.

Hesabu hii ya kutunga ilianzia Nebraska mwaka 2010, jimbo la kwanza kuweka marufuku ya wiki 20. Bunge lake lilitoa hoja kwamba kijusi cha umri huo kinaweza kuhisi maumivu. ACOG, chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani, kinasema njia za neva zinazohitajika kwa hilo hazijaungana kabla ya wiki 24 au 25 tangu hedhi. Wapo watafiti wachache wanaopinga. Hata hivyo hoja ya maumivu ndiyo iliyozaa namba 20, na majimbo mengi yaliiga maneno ya Nebraska. Mississippi, ilipoweka wiki 15 mwaka 2018, ilihesabu tangu hedhi. Florida nayo ilifanya hivyo ilipoweka 15 mwaka 2022. Namba peke yake haikuambii kitu mpaka usome sehemu ya tafsiri ya maneno mwanzoni mwa sheria yenyewe.

Kuna mtego mwingine, na huu uko ndani ya Kiswahili chetu. "Ana wiki 20" na "yuko wiki ya 20" si kitu kimoja. Aliyetimiza wiki 20 ameshaingia wiki ya 21. Aliye katika wiki ya 20 ametimiza 19 na siku kadhaa. Katika maongezi ya kawaida hakuna anayejali, lakini pale sheria inapokata kwa siku, tofauti hiyo ni siku saba nzima. Daktari akisema wiki 20 na siku 3, sema hivyo hivyo, "ametimiza wiki 20 na siku 3," usiizungushe iwe "wiki ya 20" wala "miezi mitano".

Miezi ndiyo inayoleta madhara zaidi. Akina mama wengi wa kwetu huanza kuhesabu tangu mwezi walipokosa siku zao. Mama akisema "sijaona siku zangu miezi minne", hedhi yake ya mwisho ilikuwa karibu miezi mitano nyuma, kwa hiyo kwa kliniki yuko kwenye wiki 20 au zaidi. Yeye anaamini ana wiki 16. Ukitafsiri tu "miezi minne ya ujauzito", umempunguzia mwezi mzima. Tafsiri alivyosema, kwa maneno yake: amekosa hedhi kwa miezi minne. Daktari atajua la kuuliza.

Asiyekumbuka tarehe hutegemea ultrasaundi, na hapo wakati ni kila kitu. Kipimo kabla ya wiki 9 hukadiria umri kwa tofauti ya siku 5 hivi. Kati ya wiki 16 na 22 ni siku 10, kati ya 22 na 28 ni siku 14, na baada ya 28 ni siku 21. Aliyeanza kliniki mapema ana tarehe inayoshika. Aliyefika akiwa na tumbo kubwa, kama wanavyofika wengi waliotoka kambini au waliokuwa bado hawana bima, ana tarehe inayoyumba wiki moja na nusu huku au kule, na daktari mwoga atachukua ile yenye wiki nyingi zaidi.

Sasa chukua kalenda tuone kwa nini siku hizi chache zinaumiza. Tuseme hedhi ya mwisho ilianza tarehe 1 Machi. Hedhi inayofuata ilitegemewa karibu na tarehe 29 Machi. Wiki 6 zinatimia 12 Aprili, yaani wiki mbili tu baada ya kukosa siku, na hapo ndipo majimbo kama Georgia, Florida ya sasa, South Carolina na Iowa yanapofunga mlango. Wiki 12 za North Carolina na Nebraska ya sasa zinaangukia 24 Mei. Kipimo cha damu cha kromosomu huanza wiki ya kumi kutimia, 10 Mei, lakini hicho huonyesha uwezekano tu, hakithibitishi ugonjwa. Picha kubwa ya viungo, inayoonyesha moyo, figo, ubongo na uti wa mgongo, hupigwa kati ya wiki 18 na 22. Yaani haianzi kabla ya 5 Julai, na wengi hupangiwa karibu na 19 Julai, wiki 20 kamili.

Tuseme siku hiyo mpigapicha ananyamaza na kwenda kumwita daktari. Miadi ya mtaalamu wa mimba zenye hatari hupatikana baada ya wiki, 26 Julai. Anachukua maji ya uzazi kwa sindano. Majibu kamili ya kromosomu huchukua siku 10 hadi 14, yaani kati ya 5 na 9 Agosti. Wiki 22, mwisho wa Wisconsin, zilitimia 2 Agosti. Mama huyu hakuchelewa hata siku moja. Alifika kila miadi aliyopewa. Ratiba ya vipimo na ratiba ya sheria ndizo zilizopishana. Waliotunga sheria za wiki 20 wanajibu kwamba wameweka kipengele cha dharura ya mama, na kwamba mtoto mwenye kasoro naye anastahili ulinzi. Hiyo ni imani wanayoishikilia kwa dhati na unapaswa kuitafsiri bila kuichafua. Kwa maoni yangu, sheria inayomlazimisha mtu kuamua kabla jibu la kipimo halijafika haimlindi yeyote. Inamsukuma tu aamue gizani, na wapo wanaoitoa mimba ambayo jibu lingewafanya waiendeleze.

Kwa nini kila jimbo na lake? Kati ya 1973 na 2022 kulikuwa na mstari mmoja wa taifa. Kesi ya Roe v. Wade ilisema jimbo haliwezi kupiga marufuku kabla mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo, na kesi ya Casey ya mwaka 1992 ikaulinda mstari huo ingawa iliruhusu masharti mengine kama kusubiri saa 24. Tarehe 24 Juni 2022, katika kesi ya Dobbs iliyotokana na ile sheria ya Mississippi ya wiki 15, Mahakama ya Juu iliufuta mstari. Tangu hapo kila bunge, kila mahakama ya jimbo na kila kura ya wananchi inaandika namba yake. Ohio kwako, wapiga kura waliweka haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo Novemba 2023. Arizona na Missouri walifanya hivyo Novemba 2024, lakini mwaka 2025 bunge la Missouri likaamua kulirudisha suala kwa wapiga kura. Florida mwaka huohuo wa 2024 kura ya namna hiyo ilipata asilimia 57, ikashindwa kwa sababu kule inatakiwa 60. Utah ina wiki 18. Pennsylvania ina 24 tangu hedhi. New York inasema wiki 24 "tangu kuanza kwa ujauzito". Virginia inaruhusu mpaka mwisho wa theluthi ya pili, kisha inataka madaktari watatu wakubaliane. Texas, Tennessee na Kentucky hazina wiki za kuhesabu: ni marufuku tangu mwanzo, isipokuwa dharura.

Mstari ule wa zamani, "viability", bado unatumika Ohio, Michigan, Arizona na kwingineko, na ndio unaowasumbua wakalimani kuliko neno lolote. Usitafsiri "uhai". Ukisema "mtoto hana uhai", mama ataelewa amekufa tumboni, na umempa msiba ambao haupo. Sema "mtoto hajafikia kuweza kuishi nje ya tumbo". Katiba ya Ohio inaeleza kwamba ni pale ambapo, kwa maoni ya daktari anayemtibu huyo mama, kuna uwezekano mkubwa wa mtoto kuishi nje ya tumbo kwa hatua za kawaida, na kila mimba hupimwa peke yake. Si tarehe. Kwa watoto waliozaliwa Marekani kati ya 2013 na 2018 katika hospitali kubwa za watoto wachanga, wakahudumiwa kikamilifu, waliopona walikuwa kama 30 kwa 100 wa wiki 22, na kama 56 kwa 100 wa wiki 23. Mtoto asiye na figo zote mbili kwa kawaida hawezi kupumua akizaliwa hata akitimiza wiki 38, kwa sababu mapafu hayakui bila maji ya uzazi. Aliyesomea Tanzania huenda anaikumbuka namba 28, iliyomo kwenye kifungu cha 219 cha Kanuni ya Adhabu na inayofuata sheria ya Kiingereza ya mwaka 1929. Namba hiyo ilitoka enzi ambazo hapakuwa na mashine za kumsaidia mtoto kupumua. Usiiruhusu ikuingie kichwani unapotafsiri.

Utaulizwa pia kama kweli kuna majimbo yanayoruhusu "mpaka siku ya kujifungua". Yapo yasiyoandika kikomo cha wiki: Colorado, New Mexico, Oregon, New Jersey, Vermont, Alaska na Minnesota. Wapiga kura wa Colorado walikataa kikomo cha wiki 22 mwaka 2020. Lakini kutokuwa na kikomo kwenye sheria hakumaanishi mlango uko wazi, maana kila kliniki ina kikomo chake na zinazopokea mimba ya baada ya wiki 24 ni chache sana nchini. Takwimu za CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, zinaonyesha kuwa mimba zinazotolewa katika wiki 21 na kuendelea ni kama 1 kati ya 100. Na mtoto akishazaliwa hai, hata wa wiki 21, sheria ya shirikisho ya 2002 inamtambua kuwa mtu kamili. Kumuua ni mauaji katika kila jimbo.

Njoo kwenye vighairi, yaani hali ambazo sheria inaziruhusu licha ya marufuku, maana hapo neno moja linaweza kubadilisha hatima. Sheria ikisema "life", ni maisha ya mama tu. Ikisema "health", ni afya, na Ohio inasema maisha au afya. Katikati ya hizo mbili kuna maneno yanayotumika Texas na yanayofanana nayo Pennsylvania: hatari ya kifo, au hatari ya kuharibika vibaya kwa kazi muhimu ya mwili. Hayo hayajumuishi huzuni wala msongo wa mawazo. Ukiyafupisha kuwa "afya ya mama", umempa tumaini ambalo sheria haikumpa.

Kwa kasoro za mtoto, Texas haina kighairi kabisa. Georgia inaruhusu ikiwa kasoro ni ya kudumu na mtoto hawezi kuendelea kuishi baada ya kuzaliwa. North Carolina inaruhusu kasoro inayofupisha maisha mpaka wiki 24, lakini ubakaji na zinaa ya maharimu mpaka 20 tu, na inataka saa 72 zipite baada ya maelezo ya ana kwa ana. Florida inataka madaktari wawili waandike kwamba kasoro ni ya kuua, na iwe kabla ya theluthi ya tatu. "Kasoro kubwa" na "kasoro ya kuua" kwa hiyo si maneno ya kubadilishana. Ugonjwa wa Down ni hali ya kromosomu lakini si ya kuua. Trisomia 18, yaani kuwa na kromosomu ya 18 tatu badala ya mbili, ndiyo inayobishaniwa, kwa kuwa watoto wachache huishi miezi au miaka. Daktari akisita kwenye neno, sita naye.

Chupa kupasuka mapema ni kisa kingine utakachokutana nacho. Chupa ikipasuka wiki 18, maji yakaisha, mtoto ana nafasi ndogo mno na mama yuko hatarini kupata maambukizi ya kizazi yanayoweza kuingia kwenye damu kwa saa chache. Texas ilipoanza marufuku yake kamili tarehe 25 Agosti 2022, daktari aliyekosea alikabiliwa na kifungo kinachoweza kufika cha maisha na faini isiyopungua dola 100,000. Ndiyo maana baadhi ya madaktari walisubiri homa ipande kwanza. Sheria ya 2023 ikampa daktari utetezi mahakamani kwa chupa iliyopasuka mapema na kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na nyingine ya 2025 ikasema wazi kwamba si lazima kifo kiwe mlangoni ndipo atibu. Mama akiambiwa aende nyumbani asubiri, hakikisha umetafsiri dalili za kurudi zote, moja moja: homa, kutetemeka, uchafu wenye harufu, moyo kwenda mbio, tumbo kuuma likiguswa. Hospitali yenye idara ya dharura inayopokea fedha za bima ya serikali inalazimika, kwa sheria ya shirikisho ya 1986, kumpima na kumtuliza anayefika katika hali ya hatari.

Kuhusu utaratibu wenyewe, daktari atasema ama upanuzi, ambapo vijiti maalumu hulazwa kwenye mlango wa kizazi usiku kucha au siku mbili kisha mimba hutolewa kwa vyombo, ama kuanzishiwa uchungu. Neno hili la pili lina hatari. Kwa mama wa kwetu, kuanzishiwa uchungu ni kwenda kumzaa mtoto wa kumbeba. Mwombe daktari aseme wazi kama mtoto atazaliwa akiwa hai au la, na kama atachomwa sindano ya kusimamisha moyo kwanza. Sindano hiyo ilienea zaidi baada ya 2007, Mahakama ya Juu ilipothibitisha sheria ya shirikisho ya 2003 inayokataza njia moja ya kutoa kijusi kikiwa hai, kwa kuwa madaktari hawakutaka kushukiwa kwamba wameivunja.

Maneno mawili zaidi ya kuchunga: mimba imetoka na mimba imetolewa. Kiingereza cha hospitali huandika "abortion" kwa yote mawili, hata kwa mimba iliyoharibika yenyewe. Mama akiliona kwenye karatasi zake za kuruhusiwa huogopa polisi. Ikiwa daktari anasema "spontaneous" au "missed", ni mimba iliyoharibika yenyewe, au mtoto aliyefia tumboni. Kumtoa mtoto aliyekwisha kufa si kutoa mimba kwa mujibu wa sheria, hata Texas.

Je, mama anashtakiwa? Karibu sheria zote hizi zinamlenga mtoa huduma, na ya Texas inamwondoa mama kwa maandishi. Kuvuka kwenda jimbo linaloruhusu ni halali kwa mtu mzima, ingawa asiye na hati aliye kusini mwa Texas atakuta vizuizi vya doria ya mpakani barabarani na ashauriane na wakili kwanza. Lakini mama asiambiwe kwamba hakuna hatari kabisa. Nebraska mwaka 2023, msichana alifungwa siku 90 kwa jinsi mabaki yalivyofukiwa, na mama yake miaka miwili, baada ya mimba ya kama wiki 29 kutolewa kwa vidonge nyumbani. Ushahidi ulitoka kwenye ujumbe wao wa Facebook, na mama alihukumiwa pia kwa ile sheria ya wiki 20 ya mwaka 2010.

Wewe si wakili wake wala daktari wake, na usijibu swali la sheria kwa niaba ya yeyote. Lakini unaruhusiwa kusimamisha mazungumzo na kusema, "Mkalimani anaomba ufafanuzi." Mume, mtoto au jirani asikalie kiti chako, hospitali inayopokea fedha za shirikisho inapaswa kutoa mkalimani bure. Na namba ya wiki inapotajwa, mwombe daktari aigeuze iwe tarehe, kwa sababu tarehe haina hesabu mbili wala haipotei kwenye tafsiri: "Daktari, kwa sheria ya jimbo hili, siku ya mwisho kwa mama huyu ni tarehe ngapi?" Jibu likija, mwambie mama aliandike.